Fundi Anajibu: Umeweka Elektroniki, Mipira ya Vakyumu Umeitupa?

Barua tatu safari hii. Ya kwanza ni ndefu na inastahili jibu refu, kwa sababu kosa lililomo ndani yake nimeliona gereji nyingi, na mimi mwenyewe nina kovu lake. Mbili za mwisho ni fupi.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Volkswagen mgongo wa chura ya mwaka 1972, injini 1600, usukani kushoto. Niliinunua kwa padri Mmarekani aliyekuwa anarudi kwao. Nilichoka kusugua platini kwa msasa, basi mdogo wangu aliyeko Uingereza akaniletea seti ya elektroniki ya kuweka badala yake. Fundi wa mtaani kwetu aliifunga kwa saa moja tu. Alipomaliza nikaona mipira miwili myembamba iliyotoka kwenye kabureta kwenda kwenye disitribyuta (kigawa cheche) ameing'oa, na matundu ya kabureta ameyaziba kwa skrubu. Nilipomuuliza akasema, "Mzee, hii sasa ni kompyuta, inajiongoza yenyewe." Kuwaka, gari linawaka mara moja tu ukigusa ufunguo. Kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto halina neno. Lakini tambarare, Segera kuelekea Chalinze, nikienda kilomita 80 kwa saa, injini inapata moto hadi nasikia harufu ya oili. Mafuta nayo yamepanda: lita moja ilikuwa inanipeleka kilomita 11, sasa haifiki 9. Tena nikikanyaga mafuta kuondoka njia panda, linajikwaa kwanza ndipo liende. Nilimwomba aseti taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kwa kitabu: digrii 5 baada ya topu, pale pistoni inapofika juu kabisa. Ndipo likaharibika kabisa, halivuki hata tuta. Akarudisha kwa sikio. Naomba kujua: mipira ile bado inahitajika? Na kama inahitajika, upi unakwenda wapi?
Mwalimu mstaafu, Korogwe

JIBU: Shikamoo mwalimu. Hata kama tumelingana miaka, mwalimu ni mwalimu.

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu, kwa sababu umeueleza ugonjwa vizuri kuliko mafundi wengi. Mlimani zima, tambarare mgonjwa. Gari la namna hiyo, kabla hujafungua hata bonati, kwanza tafuta mpira wa vakyumu, yaani wa mnyonyo wa hewa.

Tuanze na hiyo "kompyuta". Kilichoingia ndani ya disitribyuta yako ni swichi. Platini zilikuwa swichi pia: nundu za ekseli zinazifungua, umeme wa koili unakatika, cheche inaruka. Sasa badala ya nundu kuna pete ya sumaku chini ya rota, na badala ya platini kuna kidude cheusi kinachohisi sumaku ikipita. Kazi ni ileile, kukata umeme wa koili. Faida yake naijua, nami nimezifunga nyingi: hakuna kulika, hakuna kusugua, hakuna kupima nafasi ya milimita 0.4 kwa fila geji huku jua la Tanga linakuchoma shingo. Lakini kidude hicho hakijui kama umebeba watu watano au uko peke yako. Hakijui Lushoto wala Segera. Anayejua habari hizo ni mpira uliong'olewa.

Fikiria jiko la mkaa. Ukilijaza mkaa mkavu, moto ukishika unaenea upesi. Ukitia vipande vitatu vilivyotawanyika, unapuliza na kungoja. Ndani ya silinda ni hivyohivyo. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, silinda inajaa, mchanganyiko umebanana, moto unakimbia. Ukienda tambarare kwa mguu mwepesi, kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofungua njia ya hewa ukikanyaga mafuta, kimefunguka kidogo tu, mchanganyiko ulioingia ni mchache, na moto wake unatambaa. Moto unaotambaa unahitaji cheche iwahi zaidi, ili umalize kuwaka wakati pistoni bado inaweza kusukumwa. Cheche ikichelewa, mafuta yanakuwa yanaendelea kuwaka wakati valvu ya kutolea moshi inafunguka. Joto lililopaswa kukusogeza linaingia kwenye kichwa cha silinda na ekzosti. Injini yako inapozwa kwa upepo na haina geji ya joto, kwa hiyo geji ni pua yako. Nayo imekuambia kweli.

Disitribyuta yako ina wasaidizi wawili wa kuwahisha cheche. Wa kwanza ni vyuma viwili vyenye springi, viko chini ya sahani. Injini ikizunguka kwa kasi vinatanuka na kuwahisha. Hivyo fundi wako hakuvigusa, na ndiyo maana Lushoto unapanda. Wa pili ni kopo la bati lililo ubavuni. Ndani yake mna ngozi nyembamba, na kwenye ngozi hiyo umefungwa mkono wa chuma unaovuta sahani. Kipepeo kikiwa kimefungwa nusu, injini inanyonya kwa nguvu, mpira unanyonya kopo, sahani inazunguka, cheche inawahi. Mlimani umekanyaga mpaka chini, kipepeo kimefunguka chote, mnyonyo umekufa, na kopo halina kazi. Ndiyo sababu mlimani hukuona pengo. Kule kujikwaa njia panda ni pengo lilelile: wakati unapogusa tu mafuta ndipo kopo lingekurukia kukusaidia.

Sasa mipira miwili. Wengi wamezoea mmoja, wakiona wa pili wanadhani ni wa ziada. Gari lako lina usukani kushoto na lilikuwa la Mmarekani, kwa hiyo lina kopo la pande mbili. Sheria za moshi za Marekani ziliwafanya Volkswagen waongeze mpira wa pili, ambao kazi yake ni kinyume cha wa kwanza: gari likiwa sailensa, yaani linawaka bila kukanyagwa mafuta, unachelewesha cheche ili moshi wa ekzosti uwe msafi kidogo. Ukigusa mafuta, mpira wa kuwahisha unashika kazi na huyu wa kuchelewesha anashindwa.

Kujua tundu lipi la kabureta ni la nini usihangaike na picha za vitabu, kwa sababu kabureta yako huenda ilishabadilishwa mara tatu kabla hujainunua. Tumia kidole. Washa gari, liache sailensa, toa skrubu moja, weka kidole kwenye tundu. Likikunyonya gari likiwa sailensa, hilo liko chini ya kipepeo, nalo ni la kuchelewesha. Lisipokunyonya sailensa, lakini mtu akikanyaga mafuta kidogo ndipo linyonye, hilo liko juu kidogo ya ukingo wa kipepeo, nalo ni la kuwahisha. Kipimo hiki hakidanganyi, na hakihitaji kitu zaidi ya kidole na mjukuu wa kukanyaga mafuta.

Upande wa kopo: chuchu iliyo upande wa nje, mbali na mwili wa disitribyuta, ni ya kuwahisha. Chuchu iliyo upande wa ndani, karibu na mwili wa disitribyuta, ni ya kuchelewesha. Ukisahau, fikiri hivi: kunyonya kutoka nje kunavuta ngozi kwenda nje, mkono unavuta sahani, cheche inawahi. Tundu la kabureta lisilonyonya sailensa liende chuchu ya nje. Linalonyonya sailensa liende chuchu ya ndani.

Hapa nisimulie aibu yangu. Mwaka 1983, nikiwa kijana wa spana gereji moja Tanga, niliipachika mipira hii kinyume kwenye gari la daktari mmoja. Sailensa ikapanda juu, nikaona cheche imewahi mno, nami kwa ujuaji nikazungusha disitribyuta mpaka taa ya taimingi ikasoma namba ya kitabu. Nikafunga bonati, nikachukua pesa. Tambarare gari lilikwenda. Daktari alikuwa anakwenda Amani. Baada ya Muheza, kwenye kona za kupanda, alikanyaga mpaka chini, mnyonyo ukafa, kopo likaachia sahani, na cheche ikawa imechelewa kupita kiasi. Gari likazimia. Alirudi Muheza amekaa kwenye lori la chai, na koti lake jeupe halikuwa jeupe tena. Hakunigombeza. Alinipa mpira mmoja mkononi akasema, "Nieleze huu unafanya nini." Sikuweza. Nililala gereji usiku ule nikifungua na kufunga kopo mpaka nikaelewa.

Kwa hiyo ukipenda alama ya haraka: tambarare mgonjwa mlimani mzima, kopo halivuti. Tambarare mzima mlimani anazimia, angalia kama mipira imepishana.

Kabla ya kurudisha mipira, hakikisha kopo lenyewe ni zima. Miaka zaidi ya hamsini ni mingi kwa ngozi ile. Fungua kepu ya disitribyuta, toa rota. Chukua kipande cha mpira safi, kivike chuchu ya nje, kinyonye kwa mdomo huku ukitazama sahani. Itazunguka. Sasa ziba ncha kwa ulimi na uhesabu mpaka kumi. Sahani ikikaa palepale, ngozi ni nzima. Ikirudi taratibu, imetoboka, na kopo hilo litakuwa linavuta hewa ndani ya injini bila ruhusa. Rudia chuchu ya ndani. Usinyonye mpira ule wa zamani uliokuwa kwenye kabureta. Petroli haina ladha nzuri, naijua.

Ukiwa umefungua hapo, tazama nyaya za moduli, kile kidude cheusi cha elektroniki. Hili ndilo kosa la pili linalofanywa na mafundi wa saa moja, na halionekani kwa nje. Moduli imekaa juu ya sahani inayozunguka. Nyaya zake mbili zinatoka kupitia tundu la ubavuni, ambalo halizunguki. Fundi akizivuta zikakaza ili zionekane nadhifu, sahani inafungwa kamba: kopo linavuta, nyaya zinakataa, na siku moja waya unakatika ndani ya ganda lake, ukitazama unauona mzima. Ziache zilegee kidogo ndani, ziwe na kona, lakini zisiguse rota. Nyonya tena kwa mdomo uone sahani inakwenda mpaka mwisho wake bila kukwama. Usisahau ule waya mdogo wa shaba uliosukwa, unaounganisha sahani na mwili wa disitribyuta. Nimeukuta umekatwa mara nyingi ati hauna kazi. Ndiyo njia ya umeme kurudi.

Na je, seti uliyoletewa ni ya disitribyuta yako kweli? Seti hizi huuzwa kwa namba ya disitribyuta, siyo kwa jina la gari. Ile Bosch maarufu ya 009, namba kamili 0 231 178 009, haina kopo kabisa, na seti yake ni tofauti na ya disitribyuta yenye vakyumu. Soma namba iliyogongwa ubavuni mwa yako, kisha linganisha na karatasi ya seti. Ikiwa moduli imelazimishwa kwa kupinda bati, mwambie mdogo wako abadilishe.

Koili ipime kwa mita, kati ya terminali 15 na terminali 1, waya zikiwa zimetolewa. Moduli nyingi za injini ya silinda nne zinataka koili isiyopungua omu 3. Koili ya zamani ya Volkswagen kwa kawaida inafika hapo. Zile koili za "rangi kali" zinazouzwa kwa maneno mengi, zenye omu moja na nusu, zitaikaanga moduli. Waya mwekundu terminali 15, mweusi terminali 1. Kumbuka kwamba waya wa choki na wa ile solenoidi ya kukata mafuta ya sailensa pia zinapata umeme kutoka terminali 15. Fundi akikosea akazihamishia terminali 1, utatafuta mchawi mwezi mzima. Kondensa itoe, haina kazi tena.

Sasa taimingi, na ile digrii 5 ya kitabu iliyokuua. Kitabu hakikukosea. Namba ile ni ya kopo la pande mbili, mipira yote miwili ikiwa imevaliwa, sailensa mizunguko 800 hadi 900 kwa dakika. Katika hali hiyo mpira wa kuchelewesha umeshairudisha cheche nyuma digrii kadhaa, ndiyo ikasoma 5 baada ya topu. Fundi wako aliziba mipira, kisha akaseti 5 baada ya topu. Maana yake aliichelewesha cheche kwa mkono mahali ambapo mpira ungeichelewesha, na ulipokanyaga mafuta hakukuwa na wa kuirudisha. Namba ya taimingi bila kuambiwa mipira iko wapi ni sawa na dawa isiyoandikwa kutwa mara ngapi.

Wazee tuliseti kwa taa ndogo ya kupimia, injini imezimwa, swichi imewashwa, unazungusha disitribyuta mpaka taa iwake. Kwa elektroniki usifanye hivyo. Moduli nyingi za bei nafuu zinaungua ukiacha swichi imewashwa injini haizunguki, na kipimo chenyewe hakiaminiki. Azima taa ya taimingi ya kumulika.

Alama za puli zako huenda zimefutika au puli si ya asili. Chora zako. Tafuta topu ya silinda namba 1, rota ikiwa inatazama mkato mdogo ulio kwenye ukingo wa disitribyuta. Weka alama kwenye puli mkabala na mshono wa katikati ya injini. Chukua uzi, zungushia puli, pima urefu, gawanya kwa 360. Puli yenye mzunguko wa milimita 540 inakupa milimita 1.5 kwa kila digrii. Ukiwa umesimama nyuma ya gari unaitazama puli, digrii za kabla ya topu ziko kulia kwa alama ya topu, za baada ya topu ziko kushoto. Kwa hiyo 5 baada ya topu ni milimita 7.5 kushoto, na 30 kabla ya topu ni milimita 45 kulia. Tumia rangi nyeupe ya kucha. Mke wangu ananilalamikia, lakini chaki inafutwa na oili.

Washa gari lipate joto, vaa mipira yote miwili, seti 5 baada ya topu. Kuwahisha ni kuzungusha disitribyuta kinyume na mwendo wa rota. Kisha fanya jambo ambalo wengi wanaliruka: ng'oa mipira yote miwili, ziba ncha zake, mwambie mjukuu akanyage mpaka mizunguko 3500 hivi, mulika tena. Unataka kuona kati ya digrii 28 na 32 kabla ya topu. Ikipita 32, rudisha, hata kama sailensa haitasoma 5 barabara. Mimi naamini kipimo cha juu kuliko cha sailensa. Gari haliungui pistoni likiwa limesimama kwenye foleni, linaungua likiwa linakimbia.

Halafu vaa mipira, rudia Segera.

Na kama kopo lako limetoboka? La pande mbili ni gumu kupatikana, ingawa gari lililotengenezwa zaidi ya milioni 21 halikosi spea duniani. Mimi nisingelihangaikia. Sheria ya moshi iliyolizaa haikuhusu wewe Korogwe. Tafuta disitribyuta ya mpira mmoja, ile Bosch 034 au nakala yake nzuri, ihamishie moduli baada ya kuhakikisha inalingana. Tundu la kabureta lisilonyonya sailensa liende kwenye kopo. Tundu linalonyonya sailensa lizibe kwa kifuniko cha mpira kinachobana, siyo kwa skrubu iliyozungushiwa plastiki, maana hewa ikipenya hapo sailensa inapanda na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Disitribyuta hii inasetiwa digrii 7.5 kabla ya topu, mpira ukiwa umeng'olewa na kuzibwa. Unaona tofauti: ile mipira ikiwa imevaliwa, hii mpira ukiwa nje.

Utaambiwa ununue 009 kwa kuwa ni rahisi na haina mipira. Kwa kabureta yako ya 34 PICT-3 utapata kule kujikwaa kulekule unakolalamikia, ila sasa utakuwa umekulipia.

Neno moja kwa wasomaji wenye Volkswagen za miaka ya 1960. Nyingi kati ya hizo disitribyuta zake hazina vyuma vya kutanuka hata kidogo, kopo ndilo linafanya kazi yote. Ukiziba mpira kwenye gari kama hilo, cheche haiwahi kabisa, mlimani wala tambarare.

Mwisho, mpira wenyewe. Kipimo ni milimita 3.5 kwa ndani, ule uliovikwa uzi uliosukwa ndio bora. Nimekuta watu wamevalisha mpira wa dripu ya hospitali: unang'aa siku ya kwanza, wiki ya pili joto la injini limeulegeza, wiki ya nne umekuwa mgumu na umepasuka shingoni. Nimekuta mpira wa valvu ya baiskeli: huo unanyonywa mpaka unajibana wenyewe, kwa nje uko salama kumbe ndani hakuna njia. Hosi ya maji ya waipa inavumilia, kama inabana kwenye chuchu. Usiupitishe juu ya manifoldi, na usiukunje. Kata mfupi kadiri unavyofika bila kuvutika.

Fundi wako usimfukuze. Amefunga waya sawasawa, maana gari linawaka. Mpe gazeti hili asome, kisha mnyonye kopo pamoja.

SWALI: Fundi, nina Land Rover 109 Series III ya petroli, ina sevo ya breki (kile kifaa cha vakyumu kinacholainisha breki). Chuchu ya vakyumu kwenye kabureta imekatika. Fundi ameunga mpira wa disitribyuta kwa T kwenye bomba la sevo ya breki, anasema vakyumu ni vakyumu. Nataka pia kuweka elektroniki. Ni sawa?
Msomaji, Iringa

JIBU: Vakyumu si vakyumu. Bomba la breki linanyonya muda wote, hata sailensa, na tundu lililokatika halinyonyi mpaka uguse mafuta. Sasa disitribyuta yako inawahisha cheche gari likiwa limesimama, sailensa imepanda, na bila shaka mtu ameshaipunguza kwa skrubu ya kabureta ili kuficha. Lakini hilo silo linalonikera. Ngozi ya kopo ikitoboka, au mpira ule mwembamba ukichomoka kwenye mteremko wa Kitonga, sevo itapungukiwa vakyumu wakati unaihitaji kuliko siku zote, na utakanyaga breki ngumu kama jiwe. Toa T hiyo leo. Bomba la breki libaki la breki peke yake.

Chuchu iliyokatika inatengenezeka. Mtu mwenye mkono mtulivu atoe mabaki kwa keekee ndogo, kabureta ikiwa imefunguliwa mezani ili chenga zisiingie ndani. Kipande cha bomba la shaba utakipata kwa fundi wa friji. Kigonge kikae kwa kubana, na gundi iwe ile isiyoyeyushwa na petroli. Kabla hujaitengeneza, ziba tu mpira wa disitribyuta na uendeshe hivyo. Utakula mafuta zaidi, basi.

Elektroniki weka. Series III hasi ya betri iko kwenye bodi, kwa hiyo seti ya kawaida inakufaa. Jirani yako mwenye Series II asikuige kabla ya kutazama betri yake. Nyingi za wakati huo zilitoka kiwandani na chanya kwenye bodi, na seti yake ni nyingine. Akifunga ya kwako itakufa palepale, wala haitatoa moshi wa kumwarifu.

SWALI: Mambo fundi. Nimenunua Land Rover diseli ya zamani. Nimeona kuna mpira mnene wa vakyumu unatoka kwenye pampu ya ubavuni mwa injini. Nikiweka elektroniki ya kuwasha niuunge wapi?
Kijana, Tengeru

JIBU: Salama mwanangu. Diseli haina plagi za cheche, haina koili, haina disitribyuta. Mafuta yake yanajiwasha kwa joto la kubanwa. Seti hiyo ya elektroniki, kama umeshainunua, irudishe dukani ikiwa bado iko kwenye boksi. Pampu uliyoiona ipo kwa sababu diseli haina kipepeo cha kuifanya inyonye, na mpira ule mnene unakwenda kwenye sevo ya breki. Ukague kama haujapasuka, kaza klempu zake, halafu usiuguse.